Ulinzi wa Udongo Uanzie Kijijini

Mwaka 1979 serikali ya Tanzania iliagiza mifugo yote iondolewe katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko, eneo lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,250 katika vilima vya Irangi. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo yaliswagwa nje ya mipaka ya eneo hilo. Agizo lilisimamiwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanzishwa mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, wakati makorongo yalipokuwa yakizidi kupanuka mwaka hadi mwaka na mchanga ukifunika mashamba ya mabondeni. Baada ya miaka michache nyasi na vichaka vilikuwa vimerudi. Tangu hapo, kila mjadala wa uharibifu wa ardhi unapozuka, hakosekani mtu wa kusema kwamba dawa inajulikana: serikali itoe amri, askari waisimamie, na ardhi itapona. Katika mazungumzo ya leo nataka kuipinga dawa hiyo, na sitaukwepa mfano wa Kondoa, maana ndio mgumu kuliko yote kwa mtu mwenye hoja kama yangu. Hoja yenyewe ni hii: udongo, pamoja na maji na miti inayoutegemea, hulindwa vizuri zaidi na vyombo vidogo vilivyo karibu na shamba, vyombo vyenye mamlaka ya kuamua, fedha za kutendea kazi na fungu katika faida inayopatikana. Wizara na wataalamu wana kazi yao, nayo ni kuvitia nguvu vyombo hivyo, wala si kukaa mahali pao.

Tuanze na udongo wenyewe. Tembo wa hifadhi anaweza kulindwa na askari mwenye bunduki, na mgodi unaweza kuzungushiwa uzio. Udongo hauna lango. Unaondoka kidogo kidogo, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kwa matone ya mvua yanayopiga ardhi iliyo uchi na maji yanayoteremka bila kizuizi. Mkulima anaweza kulima misimu mingi kabla hajagundua kwamba rutuba imeshateremka bondeni, kwa sababu korongo, ambalo ndilo linaloonekana kwa macho, huja mwisho. Sasa tujiulize ni nani anayeamua kama udongo utabaki au utaondoka. Ni yule anayechagua kulima kwa kukata mteremko au kwa kuufuata. Ni yule anayeamua kuacha mabua shambani au kuyachoma, kuzibua mfereji wa kontua kabla ya masika au kungoja, kuwafungulia mbuzi baada ya mavuno au kuwafunga. Katika kijiji kimoja maamuzi ya namna hiyo ni maelfu kila msimu, na mengi hufanyika alfajiri, wakati hakuna ofisa yeyote aliye macho. Serikali gani ina watumishi wa kutosha kusimama kando ya kila jembe? Hata ingekuwa nao, mshahara wao ungezidi thamani ya mahindi yanayookolewa.

Na hasara ya maamuzi hayo haiishii shambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, walipima mabwawa kadhaa ya Dodoma na Arusha, likiwamo lile la Ikowa, wakakuta yanajaa mchanga kwa kasi ambayo waliojenga hawakuitarajia. Watafiti hao hao walichunguza maporomoko yaliyotokea Mgeta, katika milima ya Uluguru, baada ya mvua kubwa ya Februari 1970. Maporomoko yalihesabika kwa mamia, na karibu yote yalianzia kwenye mashamba na majani mafupi. Yaliyoanzia ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Mtu anayejenga bwawa bila kujali nani analima juu yake anajenga beseni la matope.

Wakoloni waliyajua haya. Tusiwanyime haki yao: maofisa wa kilimo wa Kiingereza waliandika mengi ya kweli kuhusu mmomonyoko tangu miaka ya 1930. Walichokosea ni kudhani kwamba kuujua ugonjwa kunatosha kumpa mtu ruhusa ya kumnywesha mwingine dawa kwa nguvu. Uluguru ndipo somo hili lilipofundishwa kwa gharama kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulianzishwa mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, kwa siku zilizopangwa, chini ya usimamizi wa machifu na maaskari wao, na faini kwa aliyekataa. Kazi ilikuwa nzito, na wengi wao, hasa wanawake, walikuwa na mashamba yao ya kuhudumia. Baya zaidi, matuta yenyewe hayakufaa sehemu nyingi. Udongo wa juu katika miteremko ile ni mwembamba, na kuchimba ngazi kulifukia rutuba na kuleta juu udongo mwekundu usiozaa kitu. Mkulima aliona mavuno yakipungua kwenye tuta alilochimba kwa jasho lake. Alipolalamika aliambiwa ni mvivu. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango mzima ukaachwa. Chama cha kupigania uhuru cha TANU, kilichokuwa kimezaliwa mwaka mmoja kabla, kilipata wanachama wengi Uluguru kutokana na chuki ya matuta. Jambo la kusikitisha ni kwamba baada ya hapo kwa miaka mingi ilikuwa vigumu kuyataja matuta mbele ya wakulima, hata yale yaliyofaa, bila kuamsha kumbukumbu ya fimbo. Amri mbaya haishindwi siku ile tu. Huwafungia mlango hata wanaokuja baadaye na jambo jema.

Ng'ambo ya mpaka, Ukambani nchini Kenya, mambo yalianza vivyo hivyo. Ripoti za kilimo za mwaka 1937 ziliieleza wilaya ya Machakos ya huko kama nchi inayokufa, iliyovuliwa ngozi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ikaamua kupunguza ng'ombe kwa lazima. Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaenda Nairobi kwa maelfu kudai ng'ombe wao warudishwe; kiongozi wao akahamishiwa Lamu, lakini serikali ililegeza kamba. Ingekuwa hadithi inaishia hapo, tungesema Wakamba walikataa uhifadhi. Haikuishia hapo. Katika miongo iliyofuata, hasa tangu miaka ya 1950, vilima vile vile vilianza kujaa matuta ya fanya juu, yale ambayo mkulima huchimba mfereji na kuutupa udongo upande wa juu, kisha mvua na jembe humalizia kuusawazisha uwanja. Waliochimba walikuwa vikundi vya mwethya, vikundi vya kusaidiana vilivyokuwapo kabla ya ofisi yoyote ya kilimo, wengi wao wanawake, wakiwa na viongozi waliowachagua. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1989 idadi ya watu wa eneo hilo ilipanda kutoka takriban 240,000 hadi karibu milioni 1.4, na wakati huo huo mmomonyoko ulipungua na miti ikaongezeka. Wale waliotabiri kwamba watu wengi ni lazima wamalize ardhi walipaswa kufikiri upya.

Hapa kuna pingamizi la haki. Machakos iko jirani na Nairobi. Kulikuwa na soko la mboga na matunda, kulikuwa na kahawa, kulikuwa na vijana waliotuma mishahara nyumbani, na fedha hizo ndizo zilizonunua jembe na nguvukazi. Ni kweli, na asiyekubali hivyo anadanganya. Lakini tazama soko lilifanya nini. Lilimpa mkulima sababu ya kutaka udongo wake ubaki. Kuutaka hakukutosha, ilihitajika pia namna ya kukusanya mikono, kupanga kuanza na shamba la nani, na kuchagua aina ya tuta linalofaa mteremko ule. Kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya mahali pale, na maofisa wakaanza kufanikiwa pale walipokubali kuvifuata. Kuanzia mwaka 1988 Wizara ya Kilimo ya Kenya ilibadili mwendo rasmi: badala ya kumhangaikia mkulima mmoja mmoja, ikafanya kazi na kamati zilizochaguliwa na wakulima wa mteremko mmoja, ambao maji yao yanakwenda bonde moja. Serikali ilitoa mpimaji wa kontua na mafunzo. Kamati ikaamua na kusimamia.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Shinyanga, na nitakaa hapo kidogo. Nchi ya Wasukuma ilipoteza miti kwa njia nyingi: misitu ilifyekwa enzi za ukoloni ili kuua mbung'o, pamba ikapanuka, mifugo ikaongezeka, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawakusanya watu mahali pamoja na kuvuruga utaratibu wa zamani wa malisho. Utaratibu huo uliitwa ngitili: familia au kijiji hufunga kipande cha ardhi wakati wa mvua, nyasi na miti ikue, kisha hukifungua kiangazi ng'ombe wanapokosa pa kulisha. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanzishwa, ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Viongozi wa HASHI wangeweza kufanya yale ambayo miradi mingi hufanya, yaani kujenga vitalu, kugawa miche na kuhesabu miche iliyogawiwa ili ripoti inenepe. Wao walielekeza nguvu kwenye kitu ambacho watu walikuwa nacho tayari. Waliuliza wanakijiji ni wapi ngitili ilikuwapo zamani, wanataka irudi vipi, nani aruhusiwe kuingiza ng'ombe na lini. Mipaka na adhabu vikawekwa na dagashida, baraza la jadi, na vijiji vikaandika sheria ndogo zao. Mlinzi akawa sungusungu, askari wa jadi wa kijiji, si bwana miti kutoka mkoani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Utafiti wa wakati huo ulikadiria kwamba faida ya kuni, malisho, dawa, asali, matunda na nguzo ilifikia dola za Marekani 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Hakuna kitalu kilichoweza kupanda hekta 300,000. Visiki na mizizi iliyokuwa bado hai ardhini ndiyo iliyochipua, kwa sababu kuna watu waliokubaliana kuiacha ichipue na walijua watakachopata.

Sasa nirudi Kondoa, maana nimeahidi. Je, mifugo haikuondolewa kwa amri, na nyasi hazikurudi? Zilirudi, na mwenye macho hawezi kukataa. Palipokuwa na mifereji ya mchanga pakaota vichaka, na mashamba mapya yakafunguliwa kwenye mchanga uliotulia. Swali ni gharama na kudumu. Ng'ombe hawakuyeyuka, walihamishiwa kwa ndugu na jirani nje ya mipaka, na mzigo wao ukaenda kukanyaga ardhi ya wengine. Kaya zilizokuwa zinategemea maziwa, samadi na kuuza mbuzi wakati wa njaa zilikaa miaka kumi bila mifugo, kwa ajili ya faida ambayo hazikuulizwa kama zinaitaka. Mwaka 1989 ndipo HADO ilipoanza kuruhusu ng'ombe wa maziwa wanaofugwa ndani, wakikatiwa majani, na kuanzia hapo wakulima wakawa na sababu yao wenyewe ya kupanda mabingobingo kwenye kingo za makinga maji. Msaada wa Sweden ulipokoma katikati ya miaka ya 1990, magari na askari wa mradi walipungua, na mifugo ya kuchungwa ikaanza kurudi kwa siri na kwa dhahiri. Hivyo Kondoa inatuonyesha kwamba amri inaweza kusimamisha uharibifu kwa haraka pale hali ilipokwisha kuwa mbaya mno. Haituonyeshi kwamba amri inaweza kulinda udongo kwa miaka hamsini. Ninakubali kuwa kuna dharura ambapo mgonjwa hulazwa kwa nguvu. Lakini hospitali haigeuzwi makazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na watetezi wa vijiji huwa hawalipendi. Linasema chombo cha kijiji si malaika. Huko huko Shinyanga ngitili nyingi kubwa zilikuwa mikononi mwa wenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa. Maskini asiye na mfugo alikuta kuni zimepandishwa bei na njia aliyozoea kupita imefungwa. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kumwachia shemeji yake alime ukingoni mwa mto huku akimtoza faini mjane. Wanawake wanalima, wanaume ndio wanaokaa kwenye baraza. Yote haya ni ya kweli. Nauliza tu, je, kupeleka uamuzi wilayani au wizarani kunayaondoa? Mtu anayempendelea shemeji yake kijijini anaonekana na jirani zake. Ofisa anayepokea bahasha mjini haonekani na mtu. Upendeleo wa karibu una dawa zake: sheria ndogo isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, faini ziandikwe kwenye daftari ambalo yeyote anaweza kuliomba, nafasi za wanawake katika kamati ziwe za kupiga kura na si za kuandaa chai, na maeneo ya pamoja yapimwe kabla wenye nguvu hawajayameza. Sisemi ni rahisi. Nasema ni mambo yanayowezekana kupiganiwa na watu wa pale pale.

Pingamizi la tatu lina mantiki kuliko yote: maji hayajui mipaka ya kijiji. Kijiji cha juu kikikosea, cha chini kinazama. Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam unachukua sehemu ya maji yake Uluguru, na mkazi wa Mbagala hana kura katika mkutano wa kijiji cha Kibungo. Hapa ndipo kijiji peke yake hakitoshi. Tanzania imekwisha kuweka ngazi ya juu yake: bodi za maji za mabonde tisa, na chini yake jumuiya za watumia maji, kwa sheria ya mwaka 2009. Kinachokosekana ni fedha kupanda mlima kama maji yanavyoushuka. Mkulima wa Uluguru akiacha mita 60 kutoka mtoni bila kulima, kama sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka, anapoteza shamba lake bora ili mwingine apate maji safi bombani. Katika miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu Uluguru mpango wa kuwalipa wakulima wanaochimba makinga maji na kupanda miti, huku shirika la maji la Dar es Salaam likikubali kuchangia. Jaribio lilikuwa dogo, na bado lilikuwa na haki kuliko faini zote zilizowahi kutozwa milimani mle. Anayefaidi achangie. Sioni kwa nini bili ya maji ya mjini isiwe na senti chache zinazorudi kwenye kamati za mteremko zinazoonyesha kazi iliyofanyika.

Wapo watakaosema haya ni ndoto za nchi maskini, kwamba matajiri hulinda ardhi yao kwa serikali kuu yenye nguvu. Historia inasema vingine. Marekani ilipokumbwa na vumbi la miaka ya 1930, serikali yake kuu ilianza kwa mashamba ya maonyesho yaliyoendeshwa na wataalamu wa Hugh Hammond Bennett, mkuu wa idara yake ya kupambana na mmomonyoko, na Bunge likapitisha sheria ya udongo mwaka 1935. Baada ya miaka miwili tu waligundua kwamba maonyesho hayatoshi. Mwaka 1937 Rais Roosevelt aliwaandikia magavana akiwapa mfano wa sheria ya kuunda wilaya za hifadhi ya udongo, zinazoongozwa na bodi za wakulima wa mahali husika, na ya kwanza ikaanzishwa Brown Creek, North Carolina, Agosti mwaka huo. Leo ziko karibu 3,000. Wataalamu wa serikali kuu huja na vipimo na ushauri wao; bodi huamua kipi kitangulie. Taifa lenye fedha za kuajiri jeshi la maofisa liliona ni busara kuwaachia wakulima kiti cha mbele.

Sisi hatuhitaji hata kutunga sheria nyingi mpya. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inakipa usimamizi wa ardhi yake. Sheria ya mazingira inataka kuwe na kamati za mazingira hadi ngazi za chini. Kwenye karatasi tumejaa. Kasoro ni kwamba kamati nyingi hupewa wajibu bila shilingi, hukumbukwa mgeni wa mradi anapokuja, na faini inayotozwa huishia halmashauri huku korongo likibaki kijijini. Bwana shamba mmoja anahudumia vijiji kadhaa kwa pikipiki isiyo na mafuta. Halmashauri inayokusanya ushuru wa mazao, mkaa na mchanga wa mtoni, yaani ushuru unaotokana na udongo wenyewe, ingepaswa kutenga sehemu maalumu kwa ajili ya kuuhifadhi, na sehemu hiyo ipitie kwenye kamati za vijiji. Mchanga unaouzwa kwa tripu kujengea nyumba mjini ni mlima wa mtu fulani.

Msikilizaji, mkutano mkuu wa kijiji chako unapaswa kuitishwa walau mara moja kila miezi mitatu. Utakapoitishwa ujao, nenda, na uulize mambo matatu mbele ya watu: kijiji chetu kina sheria ndogo ya kulinda mteremko na ukingo wa mto, iliyopitishwa na halmashauri? Faini na ushuru wa mwaka huu viko wapi? Na kamati ya mazingira itaongoza lini kazi ya kuchimba makinga maji, kabla ya masika au baada? Usikubali jibu la "tutalishughulikia". Dai tarehe, na uhakikishe imeandikwa katika muhtasari.